Binadamu, Tamaduni na Mazingira kwa Jicho la Anthropolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya kuhusu anthropolojia, taaluma inayochunguza binadamu na tamaduni zao, yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata zaidi. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Anthropolojia inamaanisha nini inaposema "mazingira"?

Inamaanisha zaidi ya udongo, maji, mimea na hewa. Mashamba yaliyoachwa yapumzike, njia za mifugo, makaburi ya wazee, misitu isiyoingiwa ovyo, mipaka iliyochorwa na serikali na majina waliyopewa mabonde na vilima, vyote hivyo ni sehemu ya mazingira. Bonde moja linaweza kuwa malisho machoni pa mfugaji, mahali pa kujenga bwawa machoni pa mhandisi, na kaburi machoni pa ukoo uliozika humo. Mwanaanthropolojia huanza kwa kuuliza bonde hilo ni nini kwa wale wanaoishi ndani yake, na ndipo anapochukua vipimo vyake.

Mfano unaofaa ni wa Wanuer wa Sudan Kusini, ambao E. E. Evans-Pritchard aliishi nao kwa vipindi kadhaa katika miaka ya 1930. Mvua ilipojaza tambarare, watu walikaa vijijini kwenye miinuko. Ukame ulipofika walishuka kambini karibu na mito pamoja na ng'ombe wao. Hata hesabu yao ya wakati ilifuata mwendo huo. Hawakuhamia kambini kwa sababu mwezi fulani umeandama. Walijua kwamba ni mwezi huo kwa sababu kazi zake zilikuwa zimeanza. Kwao mazingira, kazi na kalenda vilikuwa jambo moja, na mtafiti ambaye angevitenga tangu mwanzo angepoteza alichokuja kukitafuta.

2. Je, hii si kazi ya ikolojia au jiografia?

Nyanja hizi zinapakana na huazimana zana. Tofauti iko kwenye kitovu cha swali. Mwanaikolojia anaweza kumchukulia binadamu kama kiumbe mmoja kati ya wengi, na mwanajiografia huanza mara nyingi na nafasi na mtawanyiko wa vitu. Mwanaanthropolojia anataka kujua watu wanaelewaje kile wanachokifanya, nani anaruhusiwa kukifanya, nani anakatazwa, na makatazo hayo yalitoka wapi.

3. Watafiti hupataje majibu yao?

Kwa kukaa. Utafiti wa uwandani huchukua mwaka mmoja au zaidi, kwa kuwa mzunguko wa majira ukikatizwa katikati, nusu ya maisha ya jamii haionekani. Mtafiti hujifunza lugha, hupima ukubwa wa mashamba, hupima uzito wa mavuno na chakula, huchora nasaba, huandika majina ya mimea, na hulinganisha kumbukumbu za wazee na picha za angani na nyaraka za zamani.

Kazi ya Harold Conklin miongoni mwa Wahanunóo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, katika miaka ya 1950, inaonyesha kinachopatikana kwa uvumilivu wa namna hiyo. Wakulima hao wa kilimo cha kuhamahama walitambua na kuzipa majina zaidi ya aina 1,600 za mimea, idadi iliyozidi spishi ambazo wanabotania walikuwa wamezitofautisha katika eneo hilo hilo. Wakati huo wataalamu wengi wa kilimo walikiita kilimo cha kufyeka na kuchoma kuwa ni uharibifu wa watu wasiojua. Conklin alionyesha kwamba wakulima hao walichagua eneo, walidhibiti moto, walichanganya mazao mengi katika shamba moja na kuiacha ardhi irudie msitu kwa mpango.

## Je, mazingira ndiyo yanayoamua?

4. Je, hali ya hewa huamua utamaduni wa watu?

Hapana, ingawa wazo hilo ni la kale na halichoki kurudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ellsworth Huntington wa Marekani alidai kwamba hali ya hewa ya nchi za baridi ya wastani ndiyo inayozaa ustaarabu, na kwamba joto la tropiki hudhoofisha akili na bidii. Nadharia hiyo iliyapa madaraka ya wakoloni sura ya kanuni ya asili, na sababu hiyo peke yake inatosha kutufanya tuwe macho kila inapojitokeza ikiwa imevaa nguo mpya.

Franz Boas, mmoja wa waasisi wa anthropolojia ya Marekani, alikwenda kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, mwaka 1883 akiwa mtu wa jiografia, akitaka kuchunguza jinsi mazingira yanavyoathiri uelewa wa Wainuit, wenyeji wa nchi hizo za barafu, kuhusu nchi yao na safari zao. Kadiri alivyoendelea na kazi yake ya maisha, alisisitiza kwamba mazingira huweka mipaka na kutoa nafasi, lakini hayaelezi kwa nini watu wa mahali fulani wakachagua njia hii wakaiacha ile. Baridi ya kaskazini haikuwafundisha watu wote wa kaskazini jambo moja.

Mwaka 1956 Fredrik Barth alitoa ushahidi wa kupendeza kutoka bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistan. Wapathani walilima mabonde yenye rutuba yanayotoa mavuno mawili kwa mwaka. Wakohistani walichanganya kilimo na ufugaji katika milima yenye baridi. Na Wagujari walifuga kwenye nafasi zilizobakia, baadhi yao katikati ya Wapathani wenyewe. Eneo ni moja, tamaduni ni tatu, na mipaka ya kila moja ilitegemea si ardhi tu bali pia nguvu za kisiasa na uwepo wa wale majirani wengine. Kwa maneno mengine, sehemu ya mazingira ya binadamu ni binadamu wenzake.

5. "Ikolojia ya utamaduni" ni nini?

Ni mbinu aliyoijenga Julian Steward, hasa kutokana na utafiti wake kuhusu Washoshone wa nchi kame za Great Basin, magharibi mwa Marekani, na kuikamilisha katika maandishi yake ya mwaka 1955. Alikataa kusema kwamba mazingira huamua kila kitu, na alikataa vilevile kusema kwamba hayaamui lolote. Alipendekeza kuanza na teknolojia ambayo watu wanayo, kisha kutazama jinsi kazi inavyopangwa ili kupata riziki kwa teknolojia hiyo mahali hapo, na mwisho kupima ni kwa kiasi gani mpangilio huo wa kazi unagusa familia, uongozi na makazi.

Kwa Washoshone, njugu za misonobari zilizaa kwa wingi mahali pamoja mwaka huu na pengine pasipojulikana mwaka ujao. Familia ndogo zilitawanyika sehemu kubwa ya mwaka, zikakutana kwa muda mfupi kwa ajili ya mavuno au msako wa sungura, kisha zikaachana. Steward aliita mambo yanayofungamana na riziki namna hiyo kiini cha utamaduni. Udhaifu wa mbinu yake ni kwamba aliandika kana kwamba maisha aliyoyaeleza ndiyo yaliyokuwapo tangu kale, ilhali walowezi walikuwa wamekwisha kuchukua maji na ardhi bora ya watu hao.

6. Je, ibada na miiko vinaweza kweli kuwa na kazi ya kiikolojia?

Swali hili limezua mabishano makali kuliko karibu yote mengine katika uwanja huu, na linastahili jibu refu.

Roy Rappaport aliishi mwaka 1962 na 1963 na Watsembaga, kundi la watu wapatao 200 wa jamii ya Maring katika milima ya Papua New Guinea. Aliona kwamba nguruwe walipoongezeka, walianza kuharibu bustani na kuwachosha wanawake waliowalisha, na ugomvi kati ya majirani ulizidi. Hapo ndipo jamii ilipoamua kufanya sherehe kubwa iliyodumu karibu mwaka mzima, ambamo nguruwe wengi walichinjwa kwa ajili ya mizimu na nyama ikagawiwa washirika wa vita. Deni kwa mizimu likilipwa, vita viliruhusiwa tena. Vita vilipoisha, mti wa amani ulipandwa na hesabu ya nguruwe ikaanza upya. Rappaport alisema ibada hiyo ilifanya kazi kama kidhibiti, ikirudisha uwiano wa watu, nguruwe na ardhi.

Karibu na wakati huo huo, mwaka 1966, Marvin Harris alihoji kwamba katazo la kuchinja ng'ombe nchini India lina msingi wa riziki: ng'ombe jike huzaa maksai wa kulimia, na samadi yake ni mbolea na kuni. Mkulima anayemla ng'ombe wake wakati wa njaa hana cha kulimia mvua inaporudi. Harris aliuita mtazamo wake uyakinifu wa kitamaduni, yaani kueleza desturi kwa kuanzia na mahitaji ya riziki.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Kwanza, kuonyesha kwamba desturi ina faida si kueleza kwa nini ilianza. Pili, Rappaport aliwatazama watu 200 kama mfumo uliofungwa, na mzunguko kama ule hauwezi kuthibitishwa kwa kuuona mara moja. Tatu, wachumi na wanajiografia walionyesha kwamba hesabu za Harris kuhusu mifugo wa India zilikuwa na mapengo, na kwamba imani ya dini haiwezi kufutwa kwa kuipa sababu ya tumbo.

Hata hivyo, ningesita kuitupa hoja nzima, na sababu yangu ni Bali, kisiwa cha Indonesia. Huko wakulima wa mpunga wameungana katika vyama vya umwagiliaji viitwavyo subak, na ratiba ya maji hupangwa kupitia mahekalu ya maji, kutoka yale madogo ya mashambani hadi hekalu kuu la ziwa Batur. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wakulima kupanda mbegu mpya mfululizo bila kungoja ratiba ya mahekalu. Maji yakagombewa na wadudu wakaongezeka, kwa sababu hapakuwa tena na kipindi ambapo mashamba mengi jirani yanapumzika pamoja na wadudu wanakosa chakula. Stephen Lansing alionyesha, kwa utafiti wa uwandani na kwa modeli ya kompyuta, kwamba ratiba za mahekalu zilikuwa zikipatanisha mahitaji mawili yanayovutana: kugawana maji, ambako kunataka mashamba yapishane, na kuua wadudu, ambako kunataka mashamba yapumzike kwa pamoja. Wakulima walirudia ratiba zao. Hapa faida ya ibada haikukisiwa na mtafiti. Ilionekana ibada ilipowekwa kando.

7. Je, mazingira na utamaduni hugusa hata miili yetu?

Ndiyo. Mwaka 1958 Frank Livingstone alieleza mtawanyiko wa selimundu Afrika Magharibi kwa kuunganisha historia ya kilimo na baiolojia. Wakulima walipofyeka msitu, jua lilifika kwenye madimbwi, na mbu wanaoeneza malaria wakapata mahali pa kuzaliana. Mahali malaria ilipokithiri, watu wenye nakala moja ya jeni la selimundu walikuwa na kinga kubwa zaidi dhidi yake, hivyo jeni hilo likaongezeka ingawa nakala mbili huleta ugonjwa mzito. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa nao ulijitokeza kwa mabadiliko tofauti ya jeni katika jamii za wafugaji wa Ulaya na za Afrika Mashariki. Ufugaji ulitangulia na mwili ukaufuata.

## Watu wanaoumba nchi yao

8. Je, kuna mahali ambapo pamebaki "asili tupu", pasipoguswa na mtu?

Mahali kama hapo ni pachache sana kuliko ramani zinavyodokeza. Amazonia, ambayo wengi huifikiria kama msitu wa tangu kuumbwa kwa dunia, ina maeneo ya udongo mweusi wenye rutuba, uliojaa mkaa, mifupa na vigae vya vyungu, ambao ni kazi ya watu walioishi humo kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Australia, wakazi wa asili walichoma nyasi kwa vipande na kwa majira yaliyochaguliwa, wakifungua njia, wakivutia wanyama kwenye majani machanga, na kuzuia moto mkubwa. Mwaka 1969 Rhys Jones alikiita kitendo hicho kilimo cha kijiti cha moto.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Kissidougou, nchini Guinea. Vijiji vya huko vimezungukwa na visiwa vya msitu katikati ya mbuga ya nyasi. Tangu enzi za Wafaransa, maofisa walivitafsiri visiwa hivyo kuwa mabaki ya msitu mkubwa ulioteketezwa na wenyeji, na kwa imani hiyo walitunga amri, faini na hata adhabu za kifungo kwa wachomaji moto. James Fairhead na Melissa Leach walilinganisha picha za angani za mwaka 1952 na picha za setilaiti za baadaye, wakawasikiliza wazee, na kukuta kinyume chake: mahali pengi miti ilikuwa imeongezeka, na visiwa vile vilikuwa vimekuzwa na wanakijiji wenyewe, kwa kupanda, kwa kuchunga mifugo pembezoni ili nyasi zipungue, na kwa rutuba ya taka za nyumbani. Watu waliadhibiwa, kizazi baada ya kizazi, kwa kuuharibu msitu walioupanda.

9. Je, wafugaji wahamaji wanaharibu ardhi kwa kufuga mifugo wengi kupita kiasi?

Shutuma hii ina nasaba yake. Mwaka 1926 Melville Herskovits aliandika kuhusu nafasi kubwa ya ng'ombe katika jamii za Afrika Mashariki, katika ndoa, ibada na heshima. Yeye alikuwa akieleza eneo la utamaduni, lakini watawala waliigeuza maana yake ikawa kwamba mfugaji hukusanya ng'ombe kwa mapenzi yasiyo na akili.

Uchunguzi wa karibu unatoa picha nyingine. Katika nchi ambako mvua hukosekana bila taarifa, kundi kubwa ni akiba: ukame ukiua nusu, aliyeanza na wengi hubaki na mbegu ya kuanza tena. Kuwagawa wanyama kwa ndugu na marafiki walio mbali ni kutoweka mayai yote kwenye kapu moja, na kuchanganya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo ni kutumia majani na vichaka vya kila kimo. Mwaka 1988 Jim Ellis na David Swift, waliofanya utafiti Turkana, kaskazini mwa Kenya, walionyesha kwamba katika maeneo makavu kama hayo idadi ya mifugo huongozwa zaidi na ukame kuliko na wingi wa mifugo yenyewe, kwa hiyo kipimo kimoja cha "idadi inayofaa" hakina maana ya kudumu. Kinachomwokoa mfugaji ni kuhama.

Uharibifu hutokea pia, na haufai kufichwa. Mara nyingi huonekana karibu na visima vya kudumu, miji na mipaka, yaani pale ambapo kuhama kumezuiwa. Ndiyo maana swali la nani amefunga njia huja kabla ya swali la nani amemaliza nyasi. Tazama pia swali la 16.

10. Je, mali ya pamoja lazima iharibike kwa kuwa kila mtu huvutia kwake?

Garrett Hardin alidai hivyo mwaka 1968, kwa mfano wa malisho ambamo kila mchungaji huongeza mnyama mmoja zaidi hadi nchi inaisha. Mfano wake unaeleza malisho yasiyo na mwenyewe wala kanuni. Malisho ya pamoja ni kitu kingine.

Robert Netting alichunguza kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambako kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mtu yeyote kupeleka kwenye malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko aliowaweza kuwalisha wakati wa baridi kwa nyasi zake mwenyewe. Kanuni ni fupi, ni rahisi kuikagua, na imedumu kwa karne nyingi. Elinor Ostrom aliutumia ushahidi wa namna hii kutoka sehemu nyingi za dunia kueleza masharti yanayoifanya mali ya pamoja idumu: mipaka inayojulikana, watumiaji wanaoshiriki kutunga kanuni, ukaguzi, na adhabu zinazopanda hatua kwa hatua. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

11. Je, wawindaji na wakusanyaji waliishi kwa njaa na taabu?

Picha hiyo ilitikiswa mwaka 1966 katika mkutano uliofanyika Chicago, ambapo Richard Lee alitoa vipimo vyake kutoka kwa Waju/'hoansi wa Dobe, Botswana. Watu wazima walitumia siku mbili hadi tatu kwa wiki kutafuta chakula, wakitegemea sana njugu za mongongo, na hayo yalikuwa katika kipindi cha ukame. Marshall Sahlins alijenga juu ya ushahidi huo hoja kwamba utajiri unaweza kufikiwa kwa kuzalisha vingi au kwa kuhitaji vichache.

Hoja hiyo ilipata wafuasi wengi kupita uzito wake. Hesabu za kwanza za Lee hazikujumuisha muda wa kupasua njugu, kupika na kutengeneza zana, na watafiti wa baadaye walikumbusha kwamba watu hao walikuwa wamebadilishana bidhaa na kufanya kazi pamoja na wafugaji na wakulima kwa muda mrefu. Kilichosalia imara ni kwamba uwindaji na ukusanyaji ni maisha yenye ujuzi na hesabu, wala si ngazi ya chini ambayo kila mtu alikuwa na hamu ya kuiacha.

## Maarifa, lugha na mitazamo

12. Je, maarifa asilia yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja na sayansi?

Yanaweza kupimwa, na yakipimwa mara nyingi husimama. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwakataza Wainupiati wa Alaska kuwinda nyangumi wa kichwa-upinde, kwa sababu waliohesabiwa walikuwa wachache. Wawindaji walipinga: nyangumi, walisema, hupita pia chini ya barafu na mbali na ufuko, mahali ambapo mhesabuji aliyesimama ukingoni hawezi kuwaona. Watafiti walipotumia vinasa sauti vya majini na ndege, wawindaji walithibitika kuwa wa kweli na makadirio yakapanda sana.

Tahadhari moja inahitajika. Maarifa haya hayakai vizuri yakichomolewa na kuwekwa kwenye jedwali, kwa sababu yanaishi katika kazi, na anayeyajua huyajua kwa mikono na miguu yake. Mahali kazi inapokatazwa, maarifa nayo hufa hata kama yameandikwa.

13. Je, ni kweli kwamba Waeskimo (jina la zamani la Wainuit na jamii jirani) wana mamia ya maneno ya theluji?

Hapana, si kwa namna inavyosimuliwa. Mwaka 1911 Boas alitaja mizizi minne ya maneno, kwa theluji iliyo chini, inayoanguka, inayopeperushwa na iliyorundikana. Waandishi waliofuata walinakiliana na kuongeza idadi, kama Laura Martin alivyofuatilia katika makala yake ya mwaka 1986. Lugha za Wainuit hujenga maneno marefu kwa viambishi, hivyo kuhesabu maneno yake ni sawa na kuhesabu kila umbo la kitenzi cha Kiswahili kuwa neno jipya. Wazo lililo nyuma ya hadithi hiyo halina kosa: watu hutofautisha kwa jina kile wanachokishughulikia, ndiyo maana Kiswahili hakichanganyi mpunga, mchele na wali.

14. Je, kila utamaduni hutenganisha "asili" na "utamaduni"?

La. Mwaka 1980 Marilyn Strathern alionyesha kwamba watu wa Hagen, Papua New Guinea, hutofautisha kilichopandwa na kilicho cha porini, lakini hawaoni kwamba cha kwanza kimekishinda cha pili au kinapaswa kukitawala. Philippe Descola, aliyeishi na Waachuar wa Amazonia ya Ecuador kuanzia mwaka 1976, aliwakuta wanawake wakizungumza na mihogo yao kama watoto, na wanaume wakiwatendea wanyama wa kuwindwa kama mashemeji, watu wa kuheshimiwa na kubembelezwa.

Kutokana na hayo Descola alipendekeza njia nne za kupanga uhusiano kati ya binadamu na viumbe wengine. Katika animizimu, viumbe wana nafsi kama zetu ila miili tofauti. Katika naturalizimu, iliyoenea Ulaya tangu karne ya 17, miili yote hufuata kanuni moja ila nafsi ni ya binadamu tu. Katika totemizimu, kundi la watu na kiumbe fulani hushiriki asili moja. Na katika analojizimu, kila kitu ni tofauti na kila kingine, na hufungamanishwa kwa mifanano. Mgawanyo huo ni nadhifu mno kwa ladha ya wengi, mimi nikiwa mmoja wao, kwa kuwa mtu huyo huyo anaweza kumwomba mnyama radhi asubuhi na kuuza ngozi yake jioni. Thamani yake ni kwamba unaiweka sayansi ya Ulaya ndani ya orodha ya tamaduni, hauiachi imesimama nje kama hakimu.

## Maswali yenye utata

15. Je, jamii asilia ni walinzi wa asili kwa maumbile yao?

Hapana, na sifa hiyo huwaumiza kuliko inavyowasaidia. Ndege wakubwa aina ya moa wa New Zealand walitoweka ndani ya karne mbili hivi tangu mababu wa Wamaori walipofika katika karne ya 13. Uhifadhi hutokana na kanuni, na kanuni hujengwa polepole, mara nyingi baada ya hasara. Jamii ikipewa haki ya ardhi kwa sharti kwamba iishi kama picha ya mapambo, siku itakaponunua msumeno wa mashine itaambiwa imepoteza haki yake. Haki ya watu kwa ardhi yao haipaswi kutegemea utakatifu ambao hakuna taifa lingine linadaiwa kuwa nao.

16. Kwa nini wanaanthropolojia hulalamikia hifadhi za taifa?

Kwa sababu ya namna nyingi zilivyoanzishwa. Yellowstone, iliyotangazwa mwaka 1872, ilikuwa nchi ya kuwindia na kupita kwa jamii kadhaa za wenyeji kabla ya kuonyeshwa kama pori lisilo na watu. Serengeti ilitengwa kuwa hifadhi, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa eneo la Ngorongoro. Nyanda ambazo mtalii huziona kuwa za kale zilikuwa zimeumbwa kwa sehemu na malisho na moto wa wafugaji (tazama swali la 8).

Hapa ndipo ikolojia ya kisiasa inapoingia. Inauliza nani alipewa mamlaka ya kusema kwamba ardhi inaharibika, nani alilipa gharama, na nani alipata mapato. Hoja haipingi kulinda wanyama; inapinga ulinzi unaoanza kwa kumwondoa aliyeishi nao.

17. Je, kisiwa cha Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka, katika bahari ya Pasifiki) si ushahidi kwamba watu hujiangamiza kwa kukata miti?

Hadithi hiyo inasema wakazi walimaliza minazi-pori ya kisiwa, wakapigana na kuporomoka kabla Wazungu hawajafika mwaka 1722. Misitu ilitoweka kweli, ingawa panya walioletwa na walowezi wa kwanza, kwa kula mbegu, wanatajwa kuwa sehemu ya sababu. Kuporomoka kwa watu ndiko kusikothibitika: wakazi walilima kwa kutandaza mawe yaliyohifadhi unyevu, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 haukuona dalili ya anguko kubwa la idadi ya watu katika karne ya 17. Maangamizi yenye kumbukumbu za maandishi ni ya miaka ya 1860, wakati wavamizi kutoka Peru walipoteka watu na ndui ikafuata. Mwaka 1877 walibaki watu 111. Kuwalaumu wahanga kwa kujiua wenyewe ni kosa lenye uzito wa kimaadili, si la kihistoria tu.

18. Je, kuna janga la asili?

Kuna tukio la asili; janga huhitaji historia. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko lilipiga Peru, na maporomoko kutoka mlima Huascarán yakaufunika mji wa Yungay. Watu wapatao 70,000 walikufa katika eneo zima. Anthony Oliver-Smith aliifuatilia hasara hiyo nyuma hadi karne ya 16: kabla ya Wahispania, watu wa Andes waliishi wametawanyika katika miinuko mbalimbali, utawala wa kikoloni uliwakusanya katika miji mabondeni, yenye mitaa myembamba na nyumba za matofali ya udongo zenye kuta nzito. Tetemeko lilidumu chini ya dakika moja. Matayarisho yake yalichukua miaka mia nne na ushei.

Namna hii ya kutazama ndiyo mchango wa anthropolojia katika mjadala wa mabadiliko ya tabianchi. Joto likipanda kwa kiwango kimoja, halimpati mwenye ardhi na asiye na ardhi kwa kipimo kimoja, na mtafiti huuliza ni maamuzi gani ya zamani yaliyomweka huyu kwenye ukingo wa mto na yule juu ya kilima.

19. Je, mto unaweza kuwa mtu mbele ya sheria?

Umekwisha kuwa. Mwaka 2017 bunge la New Zealand lilitunga sheria inayoutambua mto Whanganui kama nafsi ya kisheria, kuanzia milimani hadi baharini, ikiwa na wasemaji wawili: mmoja anateuliwa na serikali na mwingine na Wamaori wa mto huo, ambao husema kwamba wao ni mto na mto ni wao. Ecuador ilikuwa imeandika haki za asili katika katiba yake ya mwaka 2008.

Wanaanthropolojia hawakubaliani kuhusu uzito wa hatua hizi. Wengine wanaona kwamba sheria hatimaye imekubali mtazamo ulioelezwa katika swali la 14. Wengine wanaonya kwamba "nafsi ya kisheria" ni chombo kile kile kilichobuniwa kwa ajili ya makampuni, na kwamba kumwita babu yako kwa jina la chombo hicho ni tafsiri yenye upungufu. Kwa maoni yangu kipimo kiko mtoni kwenyewe: nani anaitwa wakati mtu anapotaka kuchota mchanga, kujenga daraja au kumwaga maji machafu, na kama neno lake linaweza kuizuia kazi hiyo.